Betri Chini ya Meza

Mtu akianza kusifu roketi karibu yangu, naondoka. Si kwamba sioni uzuri wake. Binti yangu amenionyesha kwenye simu chuma kirefu kikishuka kutoka angani na kusimama wima mahali pale pale kilipoagizwa, na mimi niliyeachia shule darasa la nne nilikubali kwamba waliokitengeneza wana akili. Lakini akili ya anayetengeneza ni kitu kimoja, na mkono wa anayekabidhiwa ni kitu kingine. Magazeti na simu zote zinaimba habari za yule wa kwanza. Mimi naandika habari za yule wa pili, kwa sababu ndiye aliyemuua mke wangu, miaka ya tisini, kwenye mlima juu ya Mbale, Jumamosi mchana watu wote wakiwa macho. Majina siandiki. Kazi walizokuwa nazo nitazitaja, na kila mmoja akisoma atajiona.

Mimi ni mtoto wa kambi ya jeshi, Jinja. Kiswahili nilikijua kabla ya lugha ya mama yangu, kwa sababu kambini ndicho kilichogawa chakula na ndicho kilichogawa viboko. Nilipokua nami nikavaa gwanda, nikapelekwa kaskazini, nikarudi nikiwa mzima wakati wenzangu wengi hawakurudi. Halafu jeshi likapunguza watu, nikapewa mabati na asante. Nikaenda Wanyange, pale ziwani, nikawa nanunua samaki, nawakausha kwa moshi, nawapeleka Mbale. Wanyange tunasikia maji ya bwawa la umeme yakinguruma upepo ukigeuka, lakini usiku tulikaa na taa ya mafuta. Nyaya zilipita juu ya vichwa vyetu zikielekea Kenya. Kwa hiyo habari ya teknolojia kupita juu yako bila kusimama mimi sikuisoma mahali.

Mke wangu nilimpata soko la Mbale. Aliuza malewa, yale machipukizi ya mianzi wanayokausha watu wa mlimani, na meza yake ilikuwa jirani na samaki wangu. Alipopata mimba akataka kujifungulia kwa mama yake, juu mlimani, kama wanavyofanya binti za kule. Nikakubali. Mimi nikabaki na safari zangu: Wanyange, Mbale, na kila nilipomaliza kuuza, napanda mlima kumwona.

Mama mkwe hadi wakati huo sikuwa nimemwona uso. Desturi ya kule ni kwamba mkwe wa kiume na mama wa mke hawatazamani, hawashikani mkono, hawakai chumba kimoja. Nikifika yeye anaingia jikoni, anauliza habari zangu kupitia ukutani, na binti yake anatafsiri. Alikataa Kiswahili. Alikijua, ila hakukitaka. Askari wa zamani walimwibia ng'ombe kwa Kiswahili, ndivyo alivyosema, na tangu hapo akakiweka chini. Mke wangu alicheka, "Mama anasema harufu ya samaki wako anaivumilia, lakini hiyo lugha ya bunduki uiache getini."

Geti lenyewe halikuwepo. Kulikuwa na migomba tu.

Kituo cha afya kilikuwa karibu na kwao, nyumba ndefu ya tofali yenye bati. Barabara ya kupandia ilikuwa udongo mwekundu, na mvua ikinyesha gari liliishia darajani, chini kabisa, kwenye kile kisenta cha maduka. Kwa sababu hiyo wafadhili walileta redio ya mawasiliano. Siku ya kuizindua nilikuwepo, nilibeba viti. Walifunga bamba la jua juu ya bati, na mgeni aliyetoka ng'ambo akasema kwamba bamba kama lile ndilo linalobandikwa kwenye vyombo vinavyozunguka dunia huko juu, na kwamba tangu siku hiyo mlima ule nao umeingia katika zama za anga. Mwenyekiti wa kijiji alicheza ngoma mpaka kofia ikaanguka. Ndani waliweka betri kubwa, wakaiandika jina la kituo kwa rangi nyeupe. Jua linalisha betri, betri inalisha redio, redio inaongea na hospitali kubwa mjini, na hospitali inaleta gari hadi darajani. Basi. Hakuna kingine. Friji ya chanjo ilikuwa ya gesi, haikuihitaji.

Naamini mpaka leo kwamba ile redio ilikuwa kubwa kuliko roketi zote. Roketi inampeleka mtu mahali pasipo na mtu. Ile ilimtoa mwanamke mlimani na kumfikisha kwa daktari wa upasuaji. Nilimwambia mke wangu, sasa zaa salama.

Sasa nitaje watu.

Wa kwanza ni mwenye gemu. Alitoka Malukhu, mjini Mbale, kijana wa baba mwenye duka. Alikodi chumba kule kisentani, karibu na daraja, akaweka televisheni ndogo inayokula moto wa betri ya gari, na mashine ya gemu yenye vidude viwili vya kushika mkononi. Watu walilipa kupiga vita vya angani. Kijiti cheupe ni ndege yako, vitone vinavyoshuka ni adui. Gemu yenyewe siichukii. Nilicheza mara moja mbili nikishuka mlimani. Kwa mtu aliyetoka vita vya kweli, ni raha kupiga kitu ambacho hakilii. Wanaosema gemu zinaharibu watu ni wavivu wa kufikiri. Watu walikuwa wameharibika tayari, gemu iliwapa kiti tu.

Betri ya mwenye gemu ilipokufa, hakununua nyingine. Alikwenda kwa wa pili.

Wa pili tulimwita daktari. Alikuwa mganga msaidizi, ndiye mkubwa wa kituo. Wakapatana kwamba mwisho wa wiki, ambapo eti wagonjwa si wengi, betri itashuka. Malipo yake yalikuwa kucheza bure. Wala sitii chumvi. Angalau angekula rushwa ya mbuzi ningemwelewa. Mtu mzima mwenye koti jeupe aliuza redio ya wazazi wote wa mlima ule kwa zamu ya kubonyeza vitufe.

Na mlima mzima ulijua, hilo ndilo linalonikera kuliko yote. Mwenyekiti alijua. Watu walisema "betri imeshuka" kama unavyosema juu ya jirani aliyekwenda sokoni. Jumatatu ilipandishwa kwa baiskeli, ikakaa juani, ikashiba, mambo yakaendelea. Mimi sikujua, maana mimi nilikuwa mgeni wa siku moja moja.

Jumamosi ile niliuza mapema, nikapanda. Usiku wake mvua ilikuwa imenyesha, barabara ilikuwa kama sabuni. Nilipofika kwa mkwe nikaambiwa wako kituoni tangu alfajiri. Nikakimbia. Mkunga alinipokea mlangoni, mikono yake imelowa mpaka kwenye viwiko.

"Una mtoto wa kike," akasema. "Mzima. Lakini kondo la nyuma limekataa kutoka, na damu haisimami. Huyu si wa hapa, bwana. Huyu ni wa Mbale, sasa hivi."

"Ita gari."

Akanionyesha redio. Nyaya mbili zilining'inia ukutani, vibanio vyake vimefunguka, havijabana kitu.

"Betri imeshuka," akasema, na hakunitazama.

Mke wangu alikuwa ameamka. Aliniona nimesimama mlangoni na kuniuliza, "Samaki wameisha?" Nikamwambia wameisha. Akasema, "Vizuri." Ukutani, upande wa pili, nilimsikia mama mkwe akimbembeleza mtoto.

Nilishuka mlima ule kwa makalio na kwa magoti. Chumba cha gemu kilikuwa kimefungwa blanketi dirishani ili televisheni ionekane vizuri. Nikainua pazia. Ndani watu walikuwa wamebanana kwenye benchi, na aliyekaa mbele, kidude mkononi, ni daktari.

"Daktari, mke wangu anavuja damu. Redio haina betri."

Hakugeuka. "Nani yuko zamu?"

"Mkunga."

"Basi, si mtu yupo?"

"Mkunga ndiye kanituma! Anataka gari!"

Mwenye gemu akanishika bega, kwa upole kabisa, kama mtu anayemtuliza mteja. "Afande, ngoja kidogo. Wamefika kwenye meli kubwa ya adui. Tangu asubuhi ndiyo mara ya kwanza. Ukikata moto inaanza mwanzo, haikumbuki kitu hii."

"Kwani damu ni kitu kigeni kwako?" mmoja wa nyuma akasema. "Mwanajeshi mzima!" Benchi likacheka.

Siku hizi binti yangu ananieleza kwamba gemu za sasa unaweza kuzisimamisha, ukaenda ukala, ukarudi ukaikuta ndege yako hewani inakungoja. Ni maendeleo. Ile ya kwao haikuweza. Ndiyo hoja waliyonipa, na walinipa bila aibu, kwa sauti ya watu wanaoeleza jambo la maana.

Niliingia chini ya meza nikang'oa nyaya. Televisheni ikazima. Benchi likapiga kelele kama goli limekataliwa. Daktari akainuka, "Wewe mtu wewe! Meli ilibaki kidogo tu!" Nikabeba betri begani nikatoka. Kifuniko chake kilikuwa kimelegea, asidi ikawa inanitiririkia shingoni njia nzima. Kovu ninalo, watu wa Wanyange wanadhani ni la vita. Nawaacha wadhani hivyo. Daktari alinifuata kwa mbali, viatu mkononi, akichagua pa kukanyaga.

Mkunga alifunga nyaya. Taa ndogo ya redio ikawaka, na nilitaka kupiga magoti. Sauti ikatoka, safi, sauti ya mtu wa redio pale hospitalini, akiongea na kituo kingine huko mbali.

"Hapana, gari lipo. Dereva yupo, anakula muwa hapa nje. Kwenu kuna shida? Haya. Kama hakuna shida mahali, nafunga mpaka jioni."

Mkunga akabonyeza kitufe. "Mbale, Mbale, nisikie!" Taa ikafa. Akaachia, taa ikawaka.

"Kuna mtu anaita?" sauti ikasema. "Nasikia kama mbu. Sema tena."

Akabonyeza. Taa ikafa.

Jeshini nilikaa na watu wa mawasiliano, nilijua kinachotokea. Redio kusikiliza inakula kidogo. Kusema ndiko kunakula. Gemu ilikuwa imenyonya ile betri kuanzia asubuhi, ikatuachia kiasi cha kusikiliza tu. Tulisikia kila kitu. Tulimsikia akikohoa. Mkunga alibonyeza tena na tena, mpaka kidole chake kikageuka cheupe, akaanza kuita kwa mdomo tu, kama vile hospitali iko ng'ambo ya ua.

"Basi," sauti ikasema. "Nafunga."

Machela ilikuwepo, miti miwili na turubai. Wanaume wa jirani walikuwa shambani, au huko chini kwenye benchi. Daktari ndio kwanza alikuwa anaingia uani, akihema, akisema tuweke maji ya mshipa kwanza. Mkunga alikuwa ameshaweka. Nikashika upande wa mbele, nikaangalia nyuma nani atashika ule mwingine.

Alitoka mama mkwe. Alikuwa mwanamke mfupi, mwenye uso wa binti yake. Alimkabidhi mkunga mtoto, akajifunga kanga kiunoni, akashika miti. Akanitazama machoni.

"Inua," akasema. Kwa Kiswahili. "Inua, sasa twende. Polepole hapo. Kushoto kuna jiwe. Kushoto!"

Njia nzima aliongea Kiswahili. Kiswahili safi, cha amri, bila kukosea. Daktari naye alishika pembeni tulipofika kwenye mteremko mkali, halafu akateleza, akaachia. Mke wangu aliongea kidogo mwanzoni, akalalamika baridi. Baadaye hakulalamika. Nilikuwa mbele, sikuweza kumwona. Nilijua kwa sababu mama yake aliacha kusema kushoto na kulia.

Tulifika darajani hata hivyo, hatukujua la kufanya zaidi ya kufika. Wale wa benchi walikuwa wamesimama nje ya chumba chao, hawana betri, hawana gemu. Walivua kofia.

Kwenye mazishi daktari alipewa nafasi ya kusema. Alisema barabara ndiyo iliyotuangusha. Mwenyekiti akasimama akasema kweli, barabara, na mvua, na serikali ituangalie. Watu wakaitikia. Mimi nilikuwa kule kwa wanaume, shingo imefungwa kitambaa, nikasubiri mmoja atamke neno betri. Mkunga aliangalia chini. Alikuwa na kazi ya kulinda. Simchukii, lakini namtaja.

Jumamosi iliyofuata nilipanda kumpelekea mtoto maziwa ya kopo. Pale kisentani, kabla sijafika darajani, nikasikia. Milio ile. Tii, tii, tii. Niliinua pazia. Benchi limejaa. Chini ya meza, betri, maandishi meupe yakinitazama, hata tope la begani kwangu bado lipo, limekauka juu yake.

Sikupiga mtu. Naapa, na hata mahakamani sikushtakiwa kupiga mtu. Niling'oa nyaya, nikabeba betri, nikaanza kupanda nayo kuirudisha mahali pake. Mwenye gemu akapiga ukelele wa mwizi. Watu wakanikamata katikati ya daraja, wakanipeleka posti ya polisi.

Askari wa posti alikuwa mtu wa kaskazini, tuliongea Kiswahili cha kambi moja.

"Kaa chini. Wewe iko na betri ya serikali, napeleka wapi?"

"Kituoni, afande. Ni ya kituo. Soma hapo."

"Mimi nasoma. Nani natuma wewe?"

"Hakuna. Mke wangu amekufa kwa sababu ya hii."

"Pole. Nani natuma wewe?"

Akamwita daktari. Daktari akaja, akaniangalia kwa huruma, akasema, "Huyu mtu ana msiba, afande. Lakini mimi sijamtuma. Betri ilikuwa kwa fundi." Mwenye gemu akasema ndiyo, yeye ni fundi. Mwenyekiti akasema anamjua fundi huyo. Watatu hao. Wangeweza kunyamaza tu, wakachagua kusema.

Nililala rumande Mbale kama mwizi wa mali ya serikali. Jela zile nisizieleze. Nilitoka, wapo ambao hawakutoka. Kesi ilikufa yenyewe, maana hakuna shahidi aliyejisumbua kushuka mjini. Na betri? Betri ilikuwa kielelezo. Kielelezo kinakaa polisi. Nilipofunguliwa nikapita pale posti kuchukua mkanda wangu na kitambulisho, nikakuta afande amewasha televisheni, anatazama mpira, na nyaya zinaingia chini ya meza yake. Sikuinama kuangalia. Juu mlimani, lile bamba la zama za anga lilikuwa linapokea jua kila siku, halina pa kulipeleka.

Mama mkwe alimlea mtoto. Nilipokwenda, aliingia jikoni kama zamani, akaniuliza habari kupitia ukutani, kwa lugha yake. Sikumwona tena uso, wala Kiswahili chake sikukisikia tena, hadi alipokufa.

Sasa nimezeeka nusu, binti yangu amekuwa mwanamke, na juzijuzi ameniingiza kwenye grupu la simu la watu wa kile kisenta. Wametawanyika kila nchi. Wanabishana kama binadamu ataishi kwenye sayari nyingine, kama gemu za zamani zilikuwa tamu kuliko za sasa. Kwenye simu kila mtu wa zamani ni mwema. Hawasemi uongo, wanachagua tu picha. Mwenye gemu akaweka moja: kile chumba, benchi, vijana wameshika vidude, wanacheka. Akaandika kwamba sisi ndio tulioleta teknolojia mlimani. Vikatuni vya moyo vikamiminika. Daktari, mstaafu sasa, akaandika: "Nilibakiza kidogo niiangushe meli kubwa."

Binti yangu akaitanua ile picha kwa vidole viwili. Chini ya meza, gizani, kuna maandishi meupe. Akanisogezea simu.

Niliandika kwa herufi zangu mbovu: hiyo betri ni ya kituo cha afya, na mke wangu alikufa kwa kuikosa. Mmoja akajibu kwa kikatuni cha uso unaocheka hadi machozi. Mwingine: "Mzee, mambo ya kale hayo, tusiharibiane siku." Kisha nikaona maneno kwamba nimeondolewa.

Binti yangu hawakumwondoa. Hawamjui ni nani. Jina lake la kwenye simu ni la mumewe. Nimemwambia atoke, anajitesa bure. Bado yumo. Kila jioni anawasoma kuanzia juu mpaka chini, kimya, kama mtu anayesikiliza redio.

"Unatafuta nini humo?" nikamuuliza.

"Nangoja mmoja amtaje mama," akasema.

Hadi leo ninapoandika, wanazungumzia sayari.